Kilichobaki Ndani ya Jicho

Madaktari wenzangu, wauguzi wa macho, wataalamu wa usingizi, na ninyi mliokuja na wagonjwa wenu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Waandaaji waliniomba nizungumzie madhara ya vimiminika na gesi tunazotumia kuirudisha retina iliyobanduka. Nitayazungumzia, lakini nianze na mgonjwa mmoja.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Nilimfanyia upasuaji wa jicho la kulia mimi mwenyewe. Retina yake ilikuwa imebanduka karibu yote na makovu yalikwisha kuanza kuikunja. Niliilaza mahali pake, nikaizungushia leza, nikalijaza jicho mafuta ya silikoni. Asubuhi yake nilipomfungua bandeji alivihesabu vidole vyangu vyote, tukafurahi pamoja. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuwekea dawa ndani ya jicho, itaishikilia retina. Utakuwa unakuja kliniki." Akaitikia. Alikuja mara mbili. Kisha hakuja tena, wala hakuna aliyemtafuta. Mimi pia sikumtafuta.

Aliporudi ilikuwa imepita miaka mitatu na ushei. Jicho lilikuwa jekundu, linauma, na haliambui kitu ila mkono ukipungwa mbele yake. Presha ya jicho ilikuwa 46, na wenzangu mnajua kwamba kwa kawaida haitakiwi kuzidi 21. Ndani ya chumba cha mbele cha jicho, upande wa juu, palikuwa na ukanda mweupe kama povu la sabuni lililotulia: mafuta yangu yale yale, yamesagika kuwa matone madogo yasiyohesabika. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi ili tuyatoe mafuta, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mafuta gani, mwanangu? Wewe uliniwekea dawa. Nami najua dawa huisha yenyewe."

Hakukosea yeye. Nilikosea mimi, na kosa lilianzia kwenye neno. Dawa huingia mwilini, hufanya kazi yake, kisha mwili huitoa. Mafuta ya silikoni hayaponyi chochote, wala gesi, wala yale tunayoyaita maji mazito, kimiminika kizito kuliko maji tunachokitumia wakati wa upasuaji. Kazi yake ni kushikilia tu, kama mwega unaoegemezwa kwenye ukuta ambao udongo wake haujakauka. Tunauhitaji mwega huo, na bila huo maelfu ya watu wangekuwa vipofu. Lakini karibu kila madhara nitakayoyataja leo yana sura mbili: ile ya kitu chenyewe, na ile ya watu waliosahau kwamba kitu hicho kimo ndani ya jicho la mtu.

Kwa ninyi mliokuja na wagonjwa, nieleze kidogo. Retina ni utando mwembamba uliotandazwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, nao ndio unaopokea mwanga. Haukugandishwa kwa nguvu. Ukitoboka, majimaji ya ndani ya jicho hupenya kwenye tundu na kuubandua, kama rangi ya ukutani inavyovimba na kuachia maji yakiingia nyuma yake. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita jicho la namna hiyo lilihesabiwa kuwa limekwisha. Ni Jules Gonin, daktari wa Lausanne nchini Uswisi, aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba chanzo ni tundu lenyewe, na kwamba tundu likizibwa retina hurudi. Leo tunaziba kwa leza au kwa kugandisha kwa baridi kali, ili kovu lishike pembeni mwa tundu. Ila kovu halishiki siku hiyo hiyo. Linataka siku 10 hadi 14 hivi. Swali lililowasumbua madaktari tangu wakati wa Gonin ni dogo na gumu: katika siku hizo, nani ataishika retina isiachie tena?

Mwaka 1938 Bengt Rosengren wa Sweden aliingiza hewa ya kawaida ndani ya jicho. Ilifanya kazi, ila hewa hunyweka ndani ya siku chache. Mwaka 1962 Paul Cibis, akiwa Marekani, alichapisha habari za kutumia mafuta ya silikoni, akaokoa macho ambayo wengine walikuwa wameyakatia tamaa. Alifariki miaka mitatu baadaye, na nchini Marekani mafuta hayo yakawekwa kando kwa sababu ya madhara yake. Waliouendeleza mwenge ni watu kama John Scott wa Cambridge na Relja Zivojnović wa Rotterdam. Katikati ya hayo, mwaka 1970, Robert Machemer alifanikiwa huko Miami kuutoa ute unaolijaza jicho kupitia tundu dogo, na kuanzia hapo upasuaji wetu ukawa kitu kingine kabisa. Edward Norton alileta gesi ya SF6 mwaka 1973. Stanley Chang alileta maji mazito mwaka 1987. Ukiufuatilia mlolongo huu utaona kwamba kila kitu kipya kiliingia kwa sababu kilichotangulia kilishindwa mahali fulani, na kila kipya kilikuja na mzigo wake.

Nianze na gesi. Tunatumia hasa mbili, SF6 na C3F8. Tofauti yake na hewa ni kwamba zikiwekwa safi hujivuta ndani ya jicho: SF6 huongezeka hadi mara mbili hivi ya ujazo wake, C3F8 hadi mara nne. Ndiyo maana tunazichanganya na hewa, SF6 kwenye asilimia 20 hivi na C3F8 kwenye asilimia 14 hivi, ili zisivimbe. Ya kwanza hudumu kama wiki mbili, ya pili wiki sita hadi nane. Sasa fikirini mtu aliyechoka, mwisho wa siku ndefu, anavuta gesi kwenye sirinji bila kuichanganya sawasawa. Jicho ni chombo kilichofungwa. Gesi ikivimba mle, presha hupanda, mishipa ya damu inayolisha retina hubanwa, na asubuhi mgonjwa anaamka haoni hata mwanga. Kosa hilo hufanyika ndani ya nusu dakika. Kwangu mimi hakuna sirinji ya gesi inayoingia jichoni kabla watu wawili hawajasema kwa sauti kiasi cha gesi na kiasi cha hewa. Kuna wanaoona ni kupoteza muda. Mimi sioni hivyo, na sitaona hivyo.

Gesi ina hatari nyingine inayotokea mbali na sisi, na hapa nawaomba wataalamu wa usingizi mnisikilize kwa makini. Mgonjwa wangu ana gesi jichoni. Wiki mbili baadaye anaanguka na kuvunjika mfupa, au anaumwa kidole tumbo, anapelekwa hospitali nyingine usiku. Analazwa usingizi kwa naitrasi oksidi. Gesi hiyo huyeyuka katika damu zaidi ya mara 30 kuliko naitrojeni, kwa hiyo humiminika kuingia kwenye kiputo cha jicho kwa kasi kuliko naitrojeni inavyoweza kutoka. Kiputo huvimba wakati mgonjwa amelala, hawezi kusema anaumwa. Akiamka, mguu umetengenezwa na jicho limekufa. Visa hivyo vimeandikwa katika majarida ya tiba mara nyingi mno kwa jambo ambalo mkanda mmoja wa plastiki mkononi ungelizuia. Mkanda unasema: kuna gesi ndani ya jicho, usitumie naitrasi oksidi, usipande ndege. Mkanda huo usikatwe hadi daktari wa macho aone kwa macho yake kwamba kiputo kimekwisha. Na ninyi jamaa, mgonjwa wenu akipoteza fahamu ninyi ndio midomo yake, kwa hiyo nanyi mjue.

Habari ya ndege ni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Ndani ya ndege iliyo angani hewa ni nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kiputo hutanuka kadiri hewa inavyopungua uzito. Hata safari ya barabarani inayopanda mlima mrefu ni hivyo hivyo. Mgonjwa anayeishi bondeni na anayeishi mlimani hawapewi ruhusa ya kurudi nyumbani kwa maneno yale yale.

Kuhusu mtoto wa jicho unaoletwa na gesi sitasema mengi. Gesi ikiigusa lenzi kwa siku nyingi lenzi hufifia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumwambia mgonjwa alale kifudifudi. Mweleze sababu hiyo, maana kulala kifudifudi siku nyingi ni adhabu, na mtu huvumilia adhabu pale anapojua anachokilinda.

Sasa mafuta. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo tangu yule mwalimu.

Mafuta ya silikoni yana sifa ambayo gesi haina: hayanyweki. Jicho lililojaa makovu, jicho la mtoto asiyeweza kulala kifudifudi, jicho la mtu mwenye jicho hilo moja tu na anayelazimika kusafiri kwa ndege, mafuta huwa kimbilio. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo yake mwaka 1992 ulionyesha kwamba katika retina zenye makovu mabaya mafuta yaliishinda SF6, na yakakaribiana na C3F8. Kwa hiyo asitokee mtu akatoka hapa akisema nimeyalaani mafuta. Ningeyaweka tena leo kwa mwalimu yule yule.

Ila tazameni yalivyo. Uzito wake ni 0.97 ukilinganisha na maji yenye 1. Yaani huelea. Mgonjwa akisimama, mafuta hupanda juu na maji hukaa chini, na chini huko ndiko retina inakobaki bila mwega. Ndiyo maana retina ikibanduka tena chini ya mafuta, mara nyingi huanzia chini, mahali ambapo seli za makovu hujikusanya katika yale maji machache. Wengine wametengeneza mafuta mazito kuliko maji ili kushika upande huo wa chini. Yamesaidia baadhi ya macho, lakini yamejulikana pia kwa kuwasha jicho kuliko yale ya kawaida, na hayafai kuachwa muda mrefu.

Kwa sababu huelea, mafuta yanaweza kuziba mboni katika jicho lisilo na lenzi. Majimaji ya jicho yanayotengenezwa nyuma ya irisi, ile sehemu yenye rangi, yakikosa njia ya kuja mbele, huyasukuma mafuta hadi yakaigusa konea, kioo cha mbele cha jicho. Mjapani Ando alionyesha mwaka 1985 kwamba dawa ya tatizo hilo ni kitundu kwenye irisi, upande wa chini, mahali ambapo mafuta hayafiki. Niongeze jambo ambalo huenda likaonekana dogo. Katika vitabu vya Kiingereza kitundu hicho huandikwa kwa namba 6 ya saa. Sisi tukisoma saa kwa Kiswahili, mshale ukielekea chini ni saa kumi na mbili, na saa sita ni juu. Nimewahi kuona karatasi ya upasuaji imeandikwa "tundu saa 6" na aliyeisoma akalitafuta tundu juu ya irisi, akahitimisha kwamba halikutobolewa. Andikeni "chini". Neno hilo halina tafsiri mbili.

Kisha kuna kusagika. Mafuta yanapoingia ni tone moja kubwa, safi kama kioo. Jicho halitulii: linageuka huku na huku mchana kutwa, na hata usingizini linacheza. Kila mgeuko hukata tone dogo kutoka kwenye lile kubwa, na protini za damu na za uvimbe hulizuia lisirudi kuungana na mwenzake. Mafuta mepesi, yale ya sentistoki 1,000 (kipimo cha uzito wa mtiririko wake), husagika mapema kuliko yale ya 5,000, ingawa mazito ni taabu kuyaingiza na kuyatoa kwenye mirija myembamba tunayotumia siku hizi. Matone yale madogo hupita mbele, yakaziba chujio linalopitisha majimaji kutoka nje ya jicho. Hapo presha hupanda polepole, bila maumivu, kwa miezi. Neva ya macho hufa kidogo kidogo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu. Alipoanza kusikia maumivu, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Yakiigusa konea kwa muda mrefu, mafuta huua seli zake za ndani, na ukanda wa chokaa hujijenga katikati ya kioo cha jicho. Lenzi ya asili, kama ilibaki, karibu mara zote hupata mtoto wa jicho. Na hata jicho likiwa zima kabisa, mgonjwa haoni vizuri kwa sababu mafuta hupindisha mwanga tofauti na ute: mwenye lenzi huhitaji miwani ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 5 hadi 7 zaidi upande wa kujumlisha. Wagonjwa hawaambiwi. Wanakwenda nyumbani, wanaona ukungu, wanadhani upasuaji umeshindwa, na mtu anayedhani upasuaji umeshindwa haoni sababu ya kurudi kliniki. Siwezi kuhesabu ni wangapi tumewapoteza kwa njia hiyo.

Mnaopima urefu wa jicho kwa mawimbi ya sauti, nanyi mna sehemu yenu. Katika ute sauti husafiri mita 1,532 kwa sekunde. Katika mafuta ya silikoni husafiri mita 980 tu. Mashine isipoambiwa kuna mafuta, itaona sauti imechelewa kurudi na itadhani jicho ni refu mno, na mgonjwa atapandikizwa lenzi isiyo yake. Na tukiwa kwenye lenzi za kupandikiza, zipo zilizotengenezwa kwa silikoni. Mafuta ya silikoni yakiigusa lenzi ya namna hiyo huing'ang'ania na hayatoki. Anayefanya upasuaji wa mtoto wa jicho kwa mtu ambaye retina yake iko hatarini afikirie hilo kabla hajafungua pakiti.

Nisimulie na hili, kwa sababu madaktari wa wagonjwa wa kawaida huwa hawaliamini hadi walione. Presha ikiwa juu katika jicho lenye mafuta, ni nadra lakini imetokea, mafuta hupenya kwenye neva ya macho na kufika hadi kwenye vyumba vya maji ndani ya ubongo. Mgonjwa akipigwa picha ya CT kwa sababu ya maumivu ya kichwa, kitu cheupe kinaonekana ubongoni, na anayesoma picha anasema: damu. Kumbe damu hutuama nyuma mgonjwa akilala chali, na mafuta huelea mbele. Anayejua kwamba jicho lina mafuta ataitambua tofauti hiyo mara moja. Asiyejua anaweza kumpeleka mtu kupasuliwa kichwa. Mnaona sasa kwa nini nasisitiza iandikwe?

Kwa hiyo tunayatoa lini? Kwa macho mengi, kati ya miezi mitatu na sita, retina ikiwa imetulia. Kuyatoa nako si salama kabisa. Retina inaweza kubanduka tena, presha inaweza kuanguka mno, na wapo wachache wanaopoteza uoni wa katikati wakati mafuta yakiwemo au mara tu yanapotolewa, ilhali retina imelala vizuri na presha ni ya kawaida. Chanzo cha hilo bado kinabishaniwa. Nimemwona mgonjwa mmoja wa namna hiyo, kijana, aliyeingia akisoma mistari ya chini ya ubao na kutoka akiona duara la kijivu katikati ya kila uso. Nilikuwa nimemwambia kabla kwamba jambo hilo lipo, na kwamba ni nadra. Kumwambia hakukumrudishia uoni. Kulimwezesha tu kuendelea kuniamini, akaja kliniki kila nilipomwita.

Na yapo macho ambayo mafuta hayatolewi. Jicho ambalo presha yake ni 4 au 5, likitolewa mafuta litasinyaa. Hapo tunayaacha, au tunayabadilisha yakisagika. Lakini kuyaacha kuwe ni uamuzi, umeandikwa na sababu yake, na mgonjwa anaujua. Yale ya mwalimu hayakuachwa kwa uamuzi wa mtu yeyote.

Maji mazito ni habari nyingine. Haya ni perfluorokaboni, mazito karibu mara mbili ya maji. Tunayamimina juu ya neva ya macho, yanaikandamiza retina chini kama mkono unaonyoosha shuka, na maji yaliyokuwa nyuma yake hutokea kwenye tundu. Kisha tunayatoa kabla hatujafunga jicho. Katika baadhi ya mipasuko mikubwa kuna wanaoyaacha kwa siku chache, lakini kwa kawaida yanapaswa kutoka siku hiyo hiyo. Yakibaki matone, hukaa chini ya chumba cha mbele na kuidhuru konea. Tone likipenya nyuma ya retina, chini ya kitovu cha uoni, mgonjwa ataona doa hapo hapo anapotaka kusoma, na itabidi kumrudisha chumba cha upasuaji.

Lakini jambo lililotutikisa sote lilitokea Uhispania. Kati ya mwaka 2013 na 2015 wagonjwa waliofanyiwa upasuaji uliokwenda vizuri waliamka wakiwa na retina iliyokufa, mishipa imeziba, neva imepauka. Walikuwa zaidi ya mia. Baadhi yao walipoteza kabisa uoni wa jicho hilo. Madaktari walijilaumu kwanza, kila mmoja peke yake, akitafuta kosa mikononi mwake. Ilichukua muda hadi waliposhikamanisha visa vyao na kuona kwamba vyote vinarudi kwenye chupa: maji mazito yaliyokuwa na uchafu wa kemikali. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikayaondoa sokoni. Nchi nyingine nazo ziligundua chupa zao mbaya.

Chupa zile zilikuwa na nembo ya CE, alama ya Ulaya ya usalama wa bidhaa, na zilikuwa zimepimwa. Zilipimwaje? Kimiminika kililowekwa katika maji ya maabara, kisha maji yale ndiyo yaliyowekwa juu ya seli. Seli zikaishi. Lakini sumu zile haziyeyuki katika maji. Zilibaki kwenye kimiminika, ambacho hakikuigusa seli hata moja hadi kilipofika jichoni mwa mtu. Kilipokuja kuwekwa moja kwa moja juu ya seli, seli zikafa. Mimi si mkemia, na bado najiuliza ilikuwaje tukaridhika miaka yote ile na kipimo ambacho hakikukigusanisha kitu na mahali kinakokwenda kukaa.

Tangu hapo sifungui chupa bila namba yake ya toleo kubandikwa kwenye faili. Wauguzi wangu wananijua kwa hilo. Kwa sababu daktari mmoja akiona mgonjwa mmoja ataita bahati mbaya, na watano wakiona mmoja mmoja wataita bahati mbaya mara tano. Namba ndiyo inayowakutanisha. Na akitokea mgonjwa ambaye retina yake imekufa bila maelezo, toa taarifa siku hiyo hiyo, na chupa usiitupe.

Niyapitie haraka yaliyobaki. Maji tunayoyapitisha jichoni wakati wa upasuaji lazima yawe na chumvi na sukari zinazolingana na jicho, maana maji yasiyolingana huitia konea ukungu na kuichosha retina. Rangi tunazotumia kupaka utando mwembamba ili tuuone zinadhuru zikikolezwa au zikiachwa muda mrefu chini ya taa kali, hasa ile ya kijani ya indosiani. Hewa kavu ikipulizwa kwa nguvu juu ya retina huikausha sehemu iliyo mkabala na mrija, na mgonjwa akabaki na upofu wa pembeni. Haya yote yanazuilika kwa subira.

Lililo gumu ni lile la kusahau, kwa sababu halitokei mikononi mwa mtu mmoja. Baada ya mwalimu, muuguzi mmoja ninayefanya naye kazi alinunua daftari. Kila jicho linaloingizwa mafuta linaandikwa mle: jina, jicho, aina ya mafuta, tarehe, tarehe ya kuyatoa, simu ya mgonjwa na simu ya ndugu. Mafuta yakitolewa anapiga mstari mwekundu. Kila mwanzo wa mwezi anaupitia ukurasa baada ya ukurasa akitafuta wasio na mstari, na anawapigia. Wengine hawapokei, anapiga tena. Wapo waliohama, wapo waliokosa nauli wakaona aibu kusema, na wapo walioambiwa na majirani kwamba jicho likifunguliwa mara ya pili linakufa. Kwa huyo wa mwisho simu moja haitoshi. Mpe mdogo wake simu, mpe mama yake, ongea nao wote. Hospitali yenye kompyuta ifanye hivyo kwa kompyuta. Ambayo haina, daftari linatosha.

Na mgonjwa aondoke na kadi yenye maneno anayoyaelewa. "Ndani ya jicho lako la kulia kuna mafuta. Si dawa. Hayaishi yenyewe. Yanatakiwa kutolewa mwezi fulani. Jicho likiuma, likiwa jekundu, au uoni ukipungua, njoo siku hiyo hiyo." Kama ni gesi, iandikwe gesi. Nimeona kadi nyingi nzuri zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, mgonjwa akazitunza kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya shamba, asijue zinasema nini.

Mwalimu nilimtoa mafuta yake wiki ile ile aliyorudi. Presha ilishuka, maumivu yakaisha. Uoni haukurudi, na nilimwambia hautarudi, na kwa nini. Nilimwambia pia kwamba nilipaswa kumtafuta. Alinyamaza muda mrefu, mkewe amemshika mkono. Kisha akaomba kuyaona. Nilikuwa nimeyahifadhi kwenye sirinji, nikamletea. Aliinua sirinji kuelekea dirishani, akaitazama kwa jicho la kushoto, akaigeuza polepole, na mle ndani mafuta yaliyokuwa safi kama kioo siku ile nilipoyaweka yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. "Kumbe ulikuwa nayo wewe, na mimi niko nayo," aliniambia, "na hakuna aliyemwambia mwenzake." Jicho lake la kushoto nalichunguza kila baada ya miezi sita. Akichelewa siku mbili, muuguzi anampigia.